Ubavu Safi

JENIPHER: Haloo? Nani mwenzangu?

BONIFASI: Haloo, madam. Ni mimi.

JENIPHER: Mimi nani? Namba hii sinayo.

BONIFASI: Bonifasi. Bonifasi wa Buswahili, kule Butiama, wa mradi wa ngozi. Hii simu ni ya shemeji yangu Boke, ya kwangu imezima chaji.

JENIPHER: Aaa, baba Bonifasi. Shikamoo baba.

BONIFASI: Marahaba, mwanangu. Habari za Musoma?

JENIPHER: Nzuri, ila leo nimevurugwa kabisa. Niko huku Buhare, kiwandani kwa mzee Eliud, tunapanga viti. Wafadhili walilala Mwanza, dereva anasema wameshapita Bunda.

BONIFASI: Labda ndio yale magari meupe. Yalitupita hapa kama saa nzima iliyopita.

JENIPHER: Uko Bunda? Mbona Bunda tena? Wewe wa Butiama, ulitakiwa unyooshe huku moja kwa moja. Umefika na gari gani, na ngozi umeiwekea chumvi?

BONIFASI: Ngozi gani, madam?

JENIPHER: Baba, usinitanie leo. Yule jike mzee. Uliniahidi utamchinja, ulete ngozi ya kwanza kutoka Butiama isiyo na kovu ubavuni. Eliud ameacha nafasi katikati ya meza. Leo ni hotuba tu, kesho asubuhi wageni wanatembelea kiwanda, wataiona wapi?

BONIFASI: Ningechinja. Ila yule jike sina. Zote sina.

JENIPHER: Zote zipi? Sikusikii, mtandao—

BONIFASI: Ng'ombe, madam. Zimeibiwa juzi. Zilikuwa mtoni zinakunywa maji, mchana kweupe.

(Mtandao unakwaruza.)

JENIPHER: Pole, baba.

BONIFASI: Asante. Tulipiga mwano, lile yowe la wizi, kijiji kizima kikatoka. Vijana wakafuata nyayo mpaka huku, wakazikuta kwenye zizi la mfanyabiashara mmoja, anaitwa Stanslaus. Polisi wakazichukua zote, na yeye, na sisi. Sasa tuko hapa kituoni. Ng'ombe naziona. Ziko mbele yangu, nyuma ya waya.

JENIPHER: Basi Mungu ni mwema. Zimepatikana.

BONIFASI: Zimepatikana ila sijapewa.

JENIPHER: Kwa nini?

BONIFASI: Stanslaus anasema alizinunua mnadani. Ana kibali, kimeandikwa ng'ombe wenye herufi T kwenye taya. Afande akaniuliza, na wewe alama yako ni ipi? Nikamwambia T kwenye taya. Haloo? Umekata?

JENIPHER: Nipo. Endelea.

BONIFASI: Afande akazunguka ng'ombe moja moja, akapapasa ubavu. Ubavu ni laini kama wa ndama. Akasema, mzee, watu wa kwenu tangu zamani huwaga mnaandika ukoo wenu ubavuni, mtu anausoma akiwa barabarani. Wa kwako uko wapi? Angekuta mistari yetu mitatu, anasema, asingeuliza swali lingine.

JENIPHER: Sasa si umweleze kuhusu mradi.

BONIFASI: Nimemweleza mpaka mate yamekauka. Kwamba kiwanda cha Buhare kilikuwaga kinakataa ngozi zetu, kinasema zina makovu ya chapa katikati. Kwamba Taasisi yenu ya utafiti ikaja kutuunganisha na kiwanda, ikasema tuache ubavu, tupige kwenye taya. Kwamba chuma kilikuwa kimoja, T ya Taasisi, kwa ng'ombe za wanachama wote.

JENIPHER: Umeeleza vizuri. Hivyo hivyo ndivyo ilivyo.

BONIFASI: Akanijibu, basi hiyo T inaniambia ng'ombe ni ya mradi, hainiambii ni ya nani.

JENIPHER: (anashusha pumzi) Hilo ni la kiufundi zaidi.

BONIFASI: Madam, ndio maana nimepiga. Wewe ulikuwepo. Siku tunazipiga ulikuwa zizini kwangu, umevaa mabuti ya Boke. Ukanisaidia kubana yule dume mweusi mwenye paji jeupe. Mwambie tu afande. Nampa simu, useme yule dume ni wa Bonifasi na yule jike mwenye pembe moja ni wa Boke. Maneno hayo tu.

JENIPHER: Baba, ngoja. Ngoja kwanza. Mimi ni afisa uhusiano wa viwanda, siyo shahidi wa mifugo. Nikiongea na polisi, ni Taasisi imeongea. Lazima niombe ruhusa kwa mkurugenzi.

BONIFASI: Muombe.

JENIPHER: Yuko kwenye gari na wafadhili.

BONIFASI: Mpigie humo humo kwenye gari.

JENIPHER: Nimwambie nini? Kwamba wafugaji wa mradi wameibiwa kwa sababu ya chapa ya mradi? Mbele ya watu ambao leo wanatangaza mradi unaingia Murangi na kata nyingine mpya? Fikiria, baba.

BONIFASI: Mimi sijasema kwa sababu ya mradi.

JENIPHER: Ndivyo watakavyosikia.

(Mtandao unakwaruza. Sauti ya ng'ombe.)

BONIFASI: Unamsikia? Huyo ni wa Boke. Amemuona. Asubuhi Boke alimwita jina lake, akaja mpaka kwenye waya, akamlamba mkono. Polisi wakacheka. Wakasema ng'ombe anamfuata yeyote mwenye chumvi.

JENIPHER: Boke yuko hapo na wewe?

BONIFASI: Yuko. Amekaa chini. Tangu jana hajanisemesha. Simu hii kanipa bila kufungua mdomo.

JENIPHER: Atakuwa amechoka tu.

BONIFASI: Hajachoka. Marehemu kaka yangu aliacha zile ng'ombe ndio kila kitu kwa Boke na watoto wao. Maziwa, ada, kila kitu. Boke alikataa chapa yenu. Wazee wakakataa. Mimi ndiye nilisimama kwenye mkutano nikasema hawa ni wasomi, wamepima ngozi kwa mashine, wanajua. Nikamwambia shemeji, tusibaki nyuma.

JENIPHER: Na ulikuwa sahihi. Nakutajaga kila mahali, baba. Kwenye semina Dodoma nilisema yupo mfugaji mmoja Buswahili, mfano wa kuigwa.

BONIFASI: Basi kama unanitaja Dodoma, nitaje na hapa Bunda.

JENIPHER: Umekuwa mjanja wa maneno.

BONIFASI: Siyo ujanja, mwanangu. Nakuomba. Kama kuongea hutaki, tuma ile picha. Ulinipiga picha na yule dume, chuma kiko mkononi. Mlisema mtaiweka kwenye bango kubwa.

JENIPHER: Ipo. Bango lenyewe hili hapa, limening'inia nyuma ya meza.

BONIFASI: Basi lipige picha na simu yako, uitume kwenye WhatsApp ya afande. Ataona dume, ataona mimi, yamekwisha.

JENIPHER: Wewe huonekani.

BONIFASI: Sionekani vipi? Nilisimama mbele kabisa.

JENIPHER: Mtengeneza bango alikata. Alisema ulikuwa umelowa jasho na shati limechanika, na wafadhili hawapendi picha za kutia huruma siku hizi. Ukabaki mkono na chuma. Na dume naye ni taya tu.

BONIFASI: Mkono.

JENIPHER: Mkono mzuri tu, unaonekana una kazi.

BONIFASI: Ile nzima ipo kwenye simu yako. Ile ambayo haijakatwa.

JENIPHER: Simu ya zamani ile, niliibadilisha. Zitakuwa kwenye kompyuta ya ofisi Dar. Nikirudi nitaangalia.

BONIFASI: Afande amesema mwisho mchana huu. Mnyama hana chakula hapa. Asipopata mwenye alama anamrudishia mwenye kibali.

JENIPHER: Na kibali si kipo? Labda kweli alinunua. Huyo Stanslaus.

BONIFASI: Alinunua kwa nani, madam?

JENIPHER: Sijui. Mimi nauliza tu. Mwanachama mwingine anaweza kuwa aliuza.

BONIFASI: Mwanachama gani? Waliokubali chapa yenu ni mimi na Boke. Wengine mliwapa kofia na fulana wakarudi kwao. Ng'ombe zao zina mistari ubavuni mpaka leo, na hakuna aliyeibiwa. Mwizi siyo mjinga. Anachukua isiyo na jina.

JENIPHER: Baba, taratibu. Unaongea kwa hasira.

BONIFASI: Nina swali moja.

JENIPHER: Uliza haraka, naitwa huku.

BONIFASI: Baba yako pale Murangi ana ng'ombe. Za kwake mtazipiga wapi?

JENIPHER: Baba yangu ni mtu wa zamani.

BONIFASI: Nimekuelewa.

JENIPHER: Hukuelewa. Hakuna anayemlazimisha mtu. Ulisaini mwenyewe kwa hiari yako.

BONIFASI: Basi nitapanda gari nije huko Buhare. Nitasimama mbele ya wageni wako niwaambie na wao. Nina mdomo.

JENIPHER: Njoo. Na ng'ombe utamwachia nani? Utakapofika huku, wao wameshapakiwa. Na nikuambie kitu kingine, kwa upole, maana wewe ni kama baba yangu. Kile chuma cha T kilibaki kwako baada ya sisi kuondoka. Kilikaa hapo kwako muda wote mpaka dereva alipokifuata. Ulikuwa unapiga nini, nani anajua?

BONIFASI: Unasema nini?

JENIPHER: Sisemi kitu. Nasema ukiniweka mimi kwenye simu na polisi, watauliza chuma kilikuwa kwa nani, na mimi sidanganyi. Watasema, kumbe huyu mzee alikuwa na uwezo wa kupiga T ng'ombe wa mtu yeyote. Hapo siyo ng'ombe tu, utalala na wewe humo ndani.

BONIFASI: Mliniachia wenyewe. Mlisema gari limejaa.

JENIPHER: Najua. Nakulinda, ndiyo maana nakuambia.

(Mtandao unakwaruza.)

BONIFASI: Madam.

JENIPHER: Naam.

BONIFASI: Afande amesogea hapa. Ananiuliza kama ndio mtu wa Taasisi. Naweka spika.

JENIPHER: Usiweke. Baba Bonifasi, usi—

BONIFASI: Nimeshaweka. Afande, huyu ndiye madam Jenipher. Madam, anakusalimia. Anauliza, unaifahamu hii T kwenye taya?

JENIPHER: Habari za kazi, afande. Ndiyo, naifahamu. Ni alama ya mradi wetu.

BONIFASI: Anauliza, na mimi unanifahamu?

JENIPHER: Mzee Bonifasi ni mdau wetu, tunamheshimu sana.

BONIFASI: Anauliza, hizi ng'ombe ni zangu na za Boke? Dume mweusi mwenye paji jeupe, jike mwenye pembe moja na wengine wote?

JENIPHER: Afande, alama ile ni ya wafugaji wote wa mradi kwa jumla. Sisi tunashughulika na ubora wa ngozi. Umiliki wa mnyama mmoja mmoja, kwa kweli, mimi siwezi kuusemea. Naomba sana ieleweke hivyo.

BONIFASI: Madam, ulimbana huyu dume kwa mikono yako.

JENIPHER: Wapo weusi wengi, baba.

(Mlango wa chuma unagonga kwa mbali.)

JENIPHER: Haloo? Umetoa spika?

BONIFASI: Nimetoa. Afande ameondoka.

JENIPHER: Amesemaje?

BONIFASI: Amesema asante kwa ushirikiano.

JENIPHER: Unaona? Umemalizana naye vizuri, hakuna kesi, hakuna aliyekugusa. Utaanza upya, baba. Tutakuingiza kwenye awamu ya pili.

BONIFASI: Amefungua geti.

JENIPHER: Pole.

BONIFASI: Lori la Stanslaus linarudi nyuma. Lilikuwa limewashwa muda wote, walikuwa wanajua. Wanawapandisha. Yule dume anagoma. Wanamkunja mkia.

JENIPHER: Usiangalie, baba. Kaa pembeni.

BONIFASI: Boke amesimama.

JENIPHER: Mwambie asifanye fujo mbele ya polisi.

BONIFASI: Hafanyi kitu. Amesimama tu.

JENIPHER: Mimi sasa inabidi niende. Magari yanaingia. Tutaongea wiki ijayo, nitakupigia mimi mwenyewe.

BONIFASI: Basi ngoja niwaulize wanazipeleka wapi, nijue hata pa kuulizia. (sauti ya mbali) ...Kijana, hili lori linaenda wapi? ...Haya. (karibu) Madam, bado upo?

JENIPHER: Nakata sasa hivi.

BONIFASI: Anasema zinaenda machinjioni. Huko huko kwenu, Musoma. Zinalala leo, zinachinjwa alfajiri.

JENIPHER: Musoma?

BONIFASI: Ndiyo.

JENIPHER: Wote?

BONIFASI: Wote. Mpaka na mitamba.

(Mtandao unakwaruza.)

JENIPHER: Baba, huyo Stanslaus namba yake unayo?

BONIFASI: Imeandikwa kwenye mlango wa lori. Kwa nini?

JENIPHER: Nisomee.

BONIFASI: Utaongea naye?

JENIPHER: Nitaongea naye sasa hivi.

BONIFASI: Mungu akubariki, mwanangu. Nilijua una moyo. Kwa polisi ulikuwa unaogopa kazi yako, nimeelewa, mtu ana watoto. Mwambie hata zile za Boke tu. Yule wa pembe moja ana mimba, aone huruma. Za kwangu achukue. Unaandika?

JENIPHER: Naandika. Soma polepole.

BONIFASI: Sifuri saba tano nne... wamesimama mbele ya mlango. Kijana, sogea kidogo. Sifuri saba tano nne, mbili, moja, tisa... mwisho ni sita, nne, tatu.

JENIPHER: Nimepata. Na baba, nijibu hili kwa uhakika, maana wewe ndiye unawajua. Ubavu ni safi kwa wote? Hakuna aliyechanwa na miiba, hakuna kovu la fimbo?

(Kimya.)

BONIFASI: Hakuna.

JENIPHER: Hata yule dume?

BONIFASI: Yule nilikuwaga namchunga mwenyewe. Hajawahi kupigwa.

JENIPHER: Safi sana. Maana wale wachunaji wa machinjioni wanatoboa ovyo, nitamwambia Stanslaus awasimamie, na Eliud apeleke chumvi leo leo. Siyo ngozi moja, tutajaza meza nzima. Tangu mradi uanze, baba, tulikuwa hatujapata hata moja, ninyi watu wa kwetu hamchinjagi. Mkurugenzi alikuwa ameanza kuniuliza maswali.

BONIFASI: Hutamuomba aziache.

JENIPHER: Ana kibali. Nitamuombaje mtu mali yake?

(Lori linaunguruma.)

JENIPHER: Baba?

BONIFASI: Nipo. Salio linalia, linakaribia kuisha. Ni la Boke.

JENIPHER: Nitawarushia vocha jioni. Na sikiliza, sitakusahau. Ile ngozi ya dume nitaiweka katikati, na kikaratasi chini yake: imetoka kwa mfugaji Bonifasi, Buswahili. Wageni watalisoma jina lako.

BONIFASI: Usiandike langu.

JENIPHER: Unastahili.

BONIFASI: Andika la Boke. Sasa hivi anapita kwa miguu nyuma ya lori, anaelekea barabarani, anadhani atalifikia. Andika la kwake.

JENIPHER: Haya, nitaandika la kwake. Boke nani? Boke wapo wengi, baba, nisije nikakosea. Jina la pili nani? Haloo? Baba Bonifasi, wageni wamefika, nitajie jina la baba yake tu niandi—

(Salio limekwisha.)